Upande Wako Kuko Nini?

Kanda ya redio iliyokaa juani miaka mingi ina harufu yake. Ni harufu ya plastiki iliyopata joto na vumbi, na ukali fulani unaokaribia siki. Wenzangu wa rika langu, mliowahi kuzungusha kanda kwa kalamu ili utepe uliolegea urudi ndani, mnaijua bila kuelezwa. Mwezi uliopita tulikuwa tukiliondoa uani gari la marehemu baba ili fundi wa vyuma alichukue. Nikaingiza mkono chini ya kiti cha mbele, kile nilichokuwa nikikikalia mimi, nikatoa kanda moja. Karatasi yake ilikuwa imeliwa na mende, lakini vile vidoti vilivyoinuka ubavuni vilikuwapo bado. Nilivipapasa kwa kidole gumba, na nilipopata fahamu nilikuwa nimeketi kwenye majani na suruali yangu ya kazi, na fundi ananiuliza kama nimeumia.

Tuliishi Kathiani, na baba alifanya kazi Machakos mjini. Alikuwa mchora ramani za mashamba. Watu walipogombania mpaka, mstari ulioamua ugomvi ulikuwa umepita chini ya kalamu yake, naye alijivunia jambo hilo kwa namna yake ya kimya. Shule yangu pia ilikuwa mjini. Kwa hiyo kila asubuhi tuliondoka sisi wawili katika Pijo yetu ya rangi ya maziwa, tukapanda na kushuka vilima vya Iveti, mimi mbele na mkoba wangu magotini. Mama alifundisha shule ya karibu na nyumbani na hakuwahi kusafiri nasi siku za kazi. Nasema hili mapema kwa sababu kama angekuwa garini, hata mara moja, mambo yangekwenda vingine.

Baba aliniita mwaitu, yaani mama yangu. Kwetu Ukambani hilo si jambo la ajabu. Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na baba aliyemzaa hana budi kumheshimu kama anavyomheshimu mama yake mwenyewe. Hakunichapa hata siku moja. Aliponituma maji alisema, "Mwaitu, kama hauko na kazi, naomba maji." Nilipenda sana ukubwa huo. Ndugu zangu walinicheka, wakisema mimi ni kikongwe chenye meno ya maziwa.

Tatizo ni kwamba susu, nyanya yangu niliyepewa jina lake, alikuwa kipofu. Nilipoanza kumjua alikuwa tayari haoni mchana wala usiku. Alikaa mlimani na shangazi, na kila tulipomtembelea alinivuta kati ya magoti yake akanipapasa uso wote kwa vidole vyenye harufu ya maharagwe mabichi. Kisha aliwaambia waliokuwapo, "Huyu ni mimi." Nao waliitikia. Wakasema natembea kama yeye na ninanuna kama yeye, kwamba hata mkono wa kushoto ninaoshikia kijiko ni wake. Hakuna aliyesema macho. Lakini mimi, kwa hesabu zangu za kitoto, niliona kwamba mtu akikurithisha mwendo na mkono na kisirani, hawezi kubaki na macho peke yake. Yako njiani. Yatafika siku yake.

Sasa nirudi kwenye kanda. Siku moja baba alikuja na mfuko mzima. Alikuwa na rafiki wa tangu utotoni aliyefundisha watoto wasioona, huko mbali, na shule yao ilikuwa na vitabu vilivyosomwa kwa sauti vikawekwa kwenye kanda. Baba alisema ameviazima kwa sababu amechoshwa na siasa za redioni. Tulimwamini. Hapo awali alikuwa mtu wa gazeti, alilisoma lote hadi matangazo ya vifo, lakini siku hizo gazeti lilikaa mezani limekunjwa vilevile lilivyotoka dukani. Mama alilitumia kuwashia moto.

Nitasema ukweli: sijapata kufurahia kitu kama nilivyofurahia kanda zile. Msomaji alikuwa mama mmoja wa pwani, kwa jinsi alivyosema, mwenye Kiswahili kilichotupita sisi watu wa bara kama maji yanavyopita ungo. Baba alirudia maneno yake kwa sauti ya chini, akijaribu kuyakalisha mdomoni. Mama huyo alisoma akiwa nyumbani kwake, nadhani, maana katikati ya sura moja jogoo aliwika, na kwa muda mrefu niliamini jogoo yule yumo hadithini nikawa namngojea arudi. Hadithi tuliyoipenda kuliko zote ilimhusu mkunga aliyekuwa akizunguka nchi kavu kumtafuta kaka yake aliyepotea, na kila kijiji alichofika alizalisha mtoto kwanza ndipo akauliza habari za kaka. Tukifika mjini kabla sura haijaisha, baba alizima injini na kuacha redio. Tuliketi pale nje ya ofisi yake, watu wakipita na bahasha zao, na yeye akisema, "Tumgoje mama amalize." Nilichelewa shuleni mara nyingi kwa ajili ya mama yule.

Kisha akaanza mchezo. Tulipokuwa tukiteremka mteremko wa kwanza aliniuliza, macho yake yakiwa mbele, "Mwaitu, upande wako kuko nini?"

"Kuko mama na kuni."

"Yuko mbali na barabara?"

"Yuko kwa majani."

"Haya. Muvea." Akashukuru, na mkunga akaendelea na safari yake.

Siku ya pili akauliza tena, na ya tatu, hadi ikawa desturi kwamba hadithi ikiendelea mimi nataja: kuko ng'ombe, kuko watoto wa shule, kuko baiskeli imebeba parachichi, hakuko kitu. Kona zikikaribia aliuliza mara mbili. Aliendesha polepole sana. Wenye magari walitupigia honi na kutupita wakitikisa vichwa, naye alisema kwa utulivu, "Wacha waende. Hadithi haitaki mbio." Niliona ni jibu la mtu mwenye hekima, nikalirudia shuleni nilipoambiwa ninakula polepole.

Huenda ningeendelea kufurahi hivyo, lakini mwalimu wetu siku moja alitufundisha kuhusu watu wasioona. Alituambia husoma kwa vidole, kwa vidoti vilivyoinuliwa kwenye karatasi. Vidoti vile nilikuwa nikivipapasa kila asubuhi ubavuni mwa kanda, nikidhani ni mapambo. Kumbe hizi ni kanda za vipofu. Na nani katika gari letu ni wa kuwa kipofu? Si baba, baba ni mchora ramani. Ni mimi, niliye susu.

Tangu hapo kila kitu kilipangika vizuri mno. Baba ameambiwa na mtu, labda na susu mwenyewe, kwamba wakati umekaribia. Ameleta kanda ili nizoee kusikiliza kabla macho hayajaondoka. Na kile nilichokiita mchezo ni mtihani: kila asubuhi ananipima aone yamefikia wapi. Ndiyo maana huuliza upande wangu na si wake. Ndiyo maana hushukuru kwa sauti ile ya mtu aliyepata nafuu.

Sikumwambia mtu. Niliogopa, lakini zaidi ya kuogopa nilimhurumia baba, kwamba mama yake amepofuka na sasa mama yake wa pili atapofuka pia. Basi nikaazimia kufaulu mtihani. Nilitazama barabara ile kwa nguvu hadi macho yakaniuma. Nilitaja hata vitu ambavyo havikuulizwa, mbuzi aliyefungwa mbali kwenye mtaro wa shamba, kanga kwenye kamba, moshi wa jiko la mtu. Hadithi ilianza kunipita. Mkunga alifika vijiji nisivyovisikia, na baba alipocheka mahali pa kucheka, nilicheka nyuma yake bila kujua tunacheka nini.

Nyumbani palikuwa na dalili, sasa naziona zote. Baba aligonga vikombe. Alipeleka mkono upande wa chai akashika hewa, kisha akajifanya alikuwa akinyoosha mkono. Aliondoka ofisini mapema ili tufike nyumbani kungali na mwanga. Mama alimlalamikia, "Siku hizi unapita watu kama miti. Mama wa pale dukani anauliza alikukosea nini." Baba akajibu kwamba ana mawazo ya kazi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakusema anayeyaficha huwa anapendwa kiasi gani na wale anaowaficha, na jinsi wanavyomsaidia kuficha bila kujua.

Ilikuwa ile miezi ya baridi, ambapo ukungu hushuka Iveti na kulala barabarani hadi jua lipate nguvu. Asubuhi hiyo ulikuwa mzito kuliko siku zote. Tulipotoka nyumbani niliuona mlango wa choo cha uani, na tulipopanda kilima cha kwanza niliona bado kingo za barabara. Kisha tukaingia ndani yake. Kanda ilikuwa ikizunguka, na mkunga, baada ya safari yote ile, alikuwa amesimama mbele ya nyumba aliyoambiwa ni ya kaka yake, hajabisha hodi.

"Mwaitu, upande wako kuko nini?"

Nilitazama. Hakukuwa na kitu. Sisemi hakukuwa na mtu wala mnyama, nasema hakukuwa na kitu, weupe mtupu kutoka kioo hadi mwisho wa dunia. Sikufikiria ukungu. Nilikuwa nimengoja jambo hili kwa majuma mengi hata nikawa siwezi kufikiria lingine. Susu alikuwa amenisimulia kwamba upofu wake haukuwa mweusi kama watu wanavyodhani, ulikuja mweupe.

"Mwaitu?"

Ningeweza kusema hakuko kitu, kama nilivyosema asubuhi nyingi, na lingekuwa neno la kweli. Badala yake nilimshika mkono wa sweta. Nilianza kulia.

"Sioni, Baba," nikamwambia. "Yamekuja. Macho ya susu yamekuja. Usikasirike."

Alikanyaga breki kwa nguvu hadi mkoba wangu ukaruka ukagonga redio. Gari likazima papo hapo, gurudumu moja nje ya lami. Yule mama wa pwani hakujua lolote, aliendelea kusoma. Na kabla baba hajanijibu, nilisikia kwato.

Upande wangu, kutoka kwenye njia inayopanda kutoka mtoni, punda alitoka katika ukungu na madumu ya maji mgongoni. Nyuma yake alikuja mwanamke, na nyuma ya mwanamke watoto wawili wa shule wameshikana mikono. Walikatiza mbele ya boneti, karibu sana, mtoto wa mwisho akaigusa kwa kiganja kupata joto. Niliwaona. Niliona soksi zake zilizoshuka. Niliona mvuke wa pua ya punda. Nakumbuka furaha iliyonipanda, furaha ya kichoyo kabisa: naona, si mimi, naona.

Nikageuka nimwambie baba. Yeye alikuwa ameinua kichwa kama mtu anayesikiliza mbali.

"Ni nini hiyo?" akauliza. "Nasikia kama mnyama."

Punda alikuwa amefika upande wake. Mwanamke akainama dirishani mwa baba akasema, "Habari ya asubuhi? Mbona mmesimama hapa, gari imekataa?" Alikuwa karibu kiasi cha kumshika bega. Na baba, akimtafuta, aligeuza uso kwangu kwanza, kisha kwenye kioo cha mbele, kisha ndipo akageuka upande wake, polepole, hadi akampata.

"Imechoka kidogo," akamwambia. "Tunangoja ukungu."

Mwanamke akaenda na watoto wake. Nadhani hapo ndipo nilipokua, kama kuna mahali mtu hukua, na sikupapenda. Nilimtazama baba kwa macho yangu mazima, naye alijua kwamba namtazama.

"Si wewe, mwaitu," akasema. "Ni mimi."

Akaniambia anaona kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kilicho katikati anakipata, cha pembeni kimekwenda, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Kwenye ukungu hata hicho cha katikati hakipo. Mistari ya ramani inampotea kazini, na kijana aliye naye meza moja humshikia rula bila kuuliza. Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, akifuta kioo kwa mkono wa sweta ingawa hakikuwa na tatizo lolote.

"Kwa nini hukusema?"

"Nani atampa kazi mchora ramani asiyeona mstari? Nilifikiri nitafika mwisho wa mwaka. Halafu nilifikiri, niko na macho mengine hapa kando yangu." Akarudi kukifuta kioo. "Sikujua yanaogopa hivyo."

Nilimuuliza, maana nilikuwa bado mtoto na jambo langu lilikuwa halijajibiwa, kama yangu yatakuja baadaye. Akanishika kichwa kwa mkono wake mkubwa. "Jina halina macho, mwaitu. Umepewa jina tu." Nikamwamini. Kanda ikafika mwisho. Mama wa pwani akasema kama alivyosema siku zote, kwamba upande huu umeishia hapa, tafadhali geuza upande wa pili. Hakuna aliyeigeuza.

Ukungu ulipopungua tulitembea hadi madukani, amenishika mkono, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba kati yetu wawili mimi ndiye niliyekuwa nikimwongoza. Mwalimu mmoja jirani aliturudishia gari nyumbani. Baba akamwambia mama mchana huohuo, sebuleni, mimi nimesimama mlangoni. Nilidhani mama atalia. Hakulia. Akasema, "Macho sikukasirikii. Ugonjwa hauombwi. Nakukasirikia kile kiti cha mbele." Walikaa kwa adabu na ubaridi hadi mvua zikaja. Hata sasa, mimi mwenyewe nikiwa mzazi, siwezi kuamua nani nimuunge mkono. Nilimpenda baba kupita kiasi, na baba angeweza kuniua, na angeweza kuwaua wale watoto wawili walioshikana mikono. Yote mawili ni kweli na hayajawahi kupatana moyoni mwangu.

Kazi ilimwacha baada ya muda mfupi. Madaktari walisema amechelewa, wakaokoa kidogo kilichobaki, kisha hicho nacho kikaenda. Gari liliwekwa ukutani mwa nyumba na halikuondoka tena. Lakini betri alihakikisha inachajiwa, na kila asubuhi, saa ileile tuliyokuwa tukiondoka, aliketi nyuma ya usukani akiwa amevaa koti lake la ofisini akasikiliza kanda. Nami kabla ya kwenda shule ya kijijini, maana ile ya mjini iliishia hapo, niliingia upande wangu dakika chache. Nilimtajia vilivyoko nje. Kuko kuku. Kuko mama anaanika mahindi. Hakuko hatari.

Sasa mimi ndiye ninayeendesha. Naishi Machakos mjini na kazi yangu iko Syokimau, na kwenye foleni ya barabara kuu husikiliza vitabu kwenye simu, vikisomwa na watu wasio na jogoo. Nyuma hukaa mwanangu, ambaye shule yake iko njiani. Ana jina la baba yangu. Kwa hiyo namwita nau, baba yangu, na simchapi.

Majuma mawili baada ya kuipata ile kanda, nilikwenda kupimwa macho. Nilikwenda nikicheka, nikimwambia daktari kwamba nakuja kwa sababu ya kumbukumbu tu. Hakucheka. Aliniuliza nani nyumbani alipofuka, nikamwambia susu, nikamwambia baba, akaandika. Kisha akaniambia mgandamizo wa ndani ya jicho umeanza, kwamba nimewahi, kwamba kuna matone ya kutia kila jioni, na kwamba ugonjwa huu hupenda kukaa katika ukoo. Nilitoka pale nikamkasirikia baba upya, kaburini alipo, kwa lile neno lake jema la kwenye ukungu. Jina kweli halina macho. Damu inayo.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha gari, niligeuka nyuma.

"Nau, macho ya mama yameanza kuumwa. Bado naona vizuri. Siku nisipoona vizuri nitakuambia mimi mwenyewe, na siku hiyo sitaendesha. Umesikia?"

Alifikiri, akifungua na kufunga zipu ya mkoba wake. Nje ukungu ulikuwa umekaa juu ya Iveti, lakini barabarani kulikuwa kweupe.

"Na mimi?" akauliza.

Nilikuwa nalo jibu tayari, nimelibeba tangu utotoni, la upole na la uongo. Nililishika ulimini kidogo, nikaliacha.

"Sijui, nau," nikamwambia. "Jumamosi tutaenda wewe na mimi, upimwe."

"Itauma?"

"Haitauma."

Akafungua mkanda, akasogea hadi dirishani, akajifunga tena. Tulipotoka getini na hadithi kuanza, nilimsikia nyuma yangu, kwa sauti ndogo, bila kuombwa na mtu, "Mama, upande wangu hakuko kitu."